Pembe ya Upande wa Dereva

Kwetu ng'ombe wa mahari hawaandikwi. Baba wa binti anakwenda mwenyewe kwa wakwe, anaingia zizini, anachagua kwa macho yake, anarudi nyumbani mikono mitupu. Ng'ombe wakija kuletwa, baadaye sana, anasimama mbele ya watu na fimbo, anamgusa kila mmoja mgongoni na kusema: huyu nilimwona, huyu nilimwona. Akimpokea ambaye hakumchagua, ameshapokea, hana wa kumlalamikia. Akimkataa aliyemchagua kweli, amewaita wakwe zake wezi. Atatoa mbuzi wa kuomba radhi, lakini mbuzi halifuti neno. Na ukitoa kalamu zizini kwa watu, wanakuona umekuja dukani. Mimi nimewaoza binti zangu wote kwa utaratibu huo na sikuwahi kukosea.

Sasa zamu ilikuwa ya mwanangu wa kwanza kumwoza binti yake, na mwanangu alikuwa hakumbuki kama amekunywa chai.

Wasionijua niwaambie. Mimi ni wa Mkiwa, pale barabara inapogawanyika. Nilisoma mpaka darasa la nne, la tano sikuliona. Nimeuza mahindi ya kuchoma kwa abiria, nimeuza kuku, nimebeba magunia ya alizeti ya watu mpaka nikawa na magunia yangu, na leo nina mashine ya kukamua mafuta na nyumba ya bati la rangi. Sikupewa na mtu. Ndiyo, najisifu, lakini nasema hivi pia ili ujue kwamba mtu kama mimi anaamini anachokishika. Kwangu ugonjwa ni kidonda, ni homa, ni mguu uliovunjika. Ugonjwa usioonekana nilikuwa nauita uvivu.

Mwanangu alikuwa mwanajeshi. Alipelekwa nchi jirani na wenzake kulinda amani, na siku moja gari lao likakanyaga bomu lililofukiwa barabarani. Yeye alikaa nyuma. Alirushwa, akaanguka, akainuka, akaokota kofia yake. Damu ilimtoka puani tu. Masikio yalipiga kelele kwa muda, yakaacha. Hayo ndiyo aliyotueleza, zaidi ya hapo hakufungua mdomo. Alimaliza muda wake, akastaafu, akarudi Mkiwa na mke na watoto, mzima, mikono miwili, miguu miwili. Nilichinja beberu.

Kisha tukaanza kuona mambo. Nikiwasha mashine, anashika kichwa na kuondoka. Nilimtuma Singida mjini kununua mkanda wa mashine, akarudi na mkate. Anaanza kukwambia jambo, katikati anasimama kama gari lililoishiwa mafuta, anakutazama. Yeye aliyekuwa mpole tangu mtoto, kijiko kikianguka jikoni anafoka mpaka kuku wanatawanyika. Mchana anavaa miwani myeusi. Na kilichotuumiza zaidi, alikuwa anawapita wazee njiani bila shikamoo. Hapa kwetu mengine yote utasamehewa, hilo hapana. Wakasema anavuta bangi. Wengine wakasema ametupiwa kitu. Mdogo wangu, anayenifuata kwa kuzaliwa, alisema wazi mbele ya chakula: "Kaka, mwanao umerudishiwa mwili tu."

Alipigwa picha ya kichwa Dodoma, ikatoka safi. Nikamwambia mkewe, "Umeona? Hana kitu."

"Kama hana kitu, baba, mbona juzi alinisahau mnadani?"

"Alikusahau vipi?"

"Tulikwenda wawili, akarudi mmoja."

Mwanamke yule hakuniomba ruhusa tena. Aliulizia huku na huku mpaka akasikia kwamba hospitali moja mjini Singida kuna dada amesomea tiba kwa vitendo, wale wanaomfundisha mgonjwa upya kazi za kila siku. Wakaanza kwenda, naye akarudi kila mara na habari ambazo sikuzielewa. Basi siku moja nikapanda gari nao nikaone mwenyewe.

Kilikuwa chumba kidogo, pazia limefungwa, kimya. Binti mdogo, mtu wa Tanga kwa lafudhi yake, akainuka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ndiye daktari?"

"Daktari ni mwingine, baba. Mimi ni wa mazoezi."

"Ya viungo?"

"Ya kichwa."

Nikaangalia mezani. Kadi za picha: kikombe, jembe, kuku, mwavuli. Nikamwambia, "Huyu alikuwa sajenti. Umemleta acheze kadi?"

Hakukasirika. Alinivutia kiti. "Hebu nisaidie, baba. Nitakutajia vitu, wewe unirudishie kuanzia cha mwisho." Akataja, nikarudisha, hata sikutoa jasho. "Vizuri. Sasa vingine, na kila nikisema kuku, gonga meza." Hapo hapo akafungua dirisha la upande wa barabara na kuwasha redio ndogo iliyokuwa rafuni. Bodaboda zikaingia na kelele zao zote, redio inatangaza vifo, yeye anataja vitu vyake kwa sauti ile ile ya upole. Niligonga meza kwenye jembe. Nikarudisha viwili, vingine vikaniponyoka kama samaki. Shingo ikapata moto. Nilitamani kufoka.

Akafunga dirisha, akazima redio. "Hivyo ulivyojisikia sasa hivi, yeye yuko hivyo tangu asubuhi mpaka jioni. Hata akinywa uji."

Mwanangu alikuwa ananitazama nyuma ya miwani. "Mzee amefeli," akasema, akacheka. Mkewe akageukia ukutani, akajifuta macho kwa kanga, maana kicheko kile kilikuwa hakijasikika nyumbani tangu arudi.

Nikauliza, "Lakini picha ni safi."

"Picha inaonyesha kilichovunjika na kilichovuja, baba. Cha kwake kilitikiswa."

"Kama kibuyu cha kusukia maziwa," nikasema. "Kibuyu kizima, hakina ufa, lakini maziwa ya ndani si yale uliyomimina."

"Hilo nitalitumia kwa wengine, kama unaniruhusu."

"Tumia. Sasa utayarudisha vipi maziwa?"

"Sitayarudisha. Mengine yatatulia yenyewe, taratibu. Mengine tutatafuta njia nyingine. Mvua ikikata barabara, magari hayasubiri daraja jipya. Yanapita mchepuko. Mimi na yeye tunachimba mchepuko."

Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Watu walikuwa wanapita, mama na kapu, kijana na simu sikioni anakwepa dimbwi, mwingine anaongea na mwenzake huku anahesabu chenji. Na ndani ya kila kichwa ile kazi yote inafanyika: kusikia hiki, kukiacha kile, kushika jina, kukumbuka ulikotoka na unakokwenda, na mwenyewe hana habari. Mashine yangu ya alizeti naijua nati kwa nati. Hata nikiwa uani nasikia kama mkanda umelegea. Ile niliyoibeba juu ya shingo miaka yangu yote nilikuwa siijui hata nati moja. Nilikaa pale mpaka wakaja kunichukua, nikapanda gari kimya, na mkewe akaniuliza kama naumwa.

Nyumbani tukabadilisha mambo. Simu yake ikawa inalia kumkumbusha dawa, kula, kupumzika kabla hajachoka, siyo baada. Kazi moja kwa wakati mmoja. Redio haiwashwi watu wakila. Mashine nikaipangia saa ambazo yeye yuko shambani kwa mbali. Haya yote nilimudu. Kimoja kilinishinda: mwanangu akikwama katikati ya neno, mimi nilikuwa nammalizia. Mimi ni mtu wa haraka. Dada wa mazoezi akanikataza mbele yake. "Baba, neno ni lake. Mwache alitafute." Wewe jaribu. Kumtazama mtu mzima anatafuta neno "ndoo," na ndoo iko miguuni pake, na wewe umefunga mdomo. Kubeba gunia ni rahisi zaidi.

Ndipo posa ya mjukuu wangu ikaja, kutoka Kintinku, kwa watu wafugaji hasa, wanaojua ng'ombe. Tulikubaliana idadi. Idadi siitaji, kwetu mali ya mtu haihesabiwi mbele ya wageni. Likabaki la nani ataingia zizini kuchagua na nani atapokea.

Tukakaa ukoo. Mdogo wangu akasema, "Uende wewe, kaka. Huyu atatuaibisha. Atapokea mbuzi akidhani ni ng'ombe." Watu wakacheka. Mwanangu alikuwepo, anaangalia chini. Na nisikufiche, nami nilikuwa nimeshaamua niende mwenyewe. Lakini mjukuu wangu alikuwa ameleta chai. Msichana haongei kwenye kikao cha mahari yake. Huyu aliweka birika chini akasema, "Babu, ng'ombe wangu asipowapokea baba yangu, warudi walikotoka." Akaenda zake.

Mdogo wangu akaniambia, "Umeona matunda ya kusomesha?"

Safari iliyofuata ya hospitali nikamweleza dada yule, nikitegemea atakataza, nipate pa kusimamia. Alisikiliza utaratibu wote mpaka mwisho.

"Baba, mimi ng'ombe wote naona ni ng'ombe," akasema.

"Utaolewa bure wewe," mwanangu akamwambia.

"Labda. Lakini ningekaa mwaka mzima natengeneza kadi, nisingepata zoezi kama hilo."

Nikauliza, "Na akikosea?"

"Atakosea mbele ya watu." Hakulipaka sukari. Akamgeukia mwanangu. "Unasemaje, sajenti?"

Alichelewa kujibu. Nilikuwa na majibu mawili mdomoni, nikayashikilia kwa meno.

"Ni binti yangu," akasema.

Basi wakaanza. Kila asubuhi, jua likiwa bado halijawa kali, alikwenda lambo la kijiji ng'ombe wa watu wanapokunywa maji. Mwanzoni alirudi amewachanganya wote, kichwa kinamgonga, analala mpaka alasiri. Dada wa mazoezi akamwambia asiangalie kundi. Aangalie mmoja, wengine hawapo. Amseme kwa mdomo, sikio lisikie. Halafu amfunge kwa mtu anayemjua, mtu ambaye hawezi kumsahau hata akitaka.

"Nani?" mwanangu akamuuliza.

"Hilo siulizi. Wewe ndiye unayewajua."

Sikumwona akiwachagua watu hao. Ila baada ya muda alikuwa akitoka lamboni namuuliza, na ananiambia yule wa jirani mwenye baka jeupe begani kasimama wapi, yule mweusi nundu imelalia upande gani. Nikawa nakwenda kuhakikisha kwa siri. Kweli tupu. Yule yule aliyemsahau mkewe mnadani.

Kintinku tulikwenda siku moja kabla, aingie zizini asubuhi akiwa amepumzika. Nilifuatana naye kama mzee, lakini mzee wa pembeni haongei. Akavaa kofia yake na miwani myeusi, akaingia. Alitembea polepole, anasimama mbele ya ng'ombe, anazunguka nyuma, midomo inacheza.

Babu wa bwana harusi, mzee mrefu wa rika langu, akanisogelea. "Mzee mwenzangu, mkwe wetu anaswali?"

"Anawasalimia," nikamwambia.

"Basi awasalimie. Wao pia ni wakwe."

Na mimi, nikiwa nimeegemea uzio, nilikuwa namshika kichwani kila ng'ombe aliyemchagua kwa kumwonyesha kwa fimbo. Nilijiambia, akikwama siku ya siku, nitamnong'oneza. Macho yangu hayajawahi kukosea.

Siku ya kupokea, Fuso liliingia Mkiwa adhuhuri, ng'ombe wamejaa vumbi hadi kope. Uwanja wangu ulijaa. Mwanangu aliomba mambo mawili: mashine izimwe, na spika za muziki zisiwashwe mpaka amalize. Vijana walinuna. Ng'ombe wakashushwa wakafungiwa kwenye uzio, idadi ikawa sawasawa, wanawake wakapiga vigelegele, yeye akashika kichwa kidogo, akasubiri vitulie. Akaingia.

Mimi nilisimama karibu. Aligusa wa kwanza mgongoni akasema kwa sauti, "Huyu nilimwona." Lakini kabla ya hapo alikuwa amesema kitu kidogo, chini chini. Nikatega sikio. "Mpishi," akasema, kisha kwa sauti, "Huyu nilimwona." Akahamia mwingine. "Wa redio. Huyu nilimwona." Akaja yule mwenye soksi nyeupe mguu mmoja. "Koplo." Yule kijivu mnene. "Wa Mtwara, mwenye kukoroma."

Miaka yote hiyo hakututajia hata mmoja wao. Niliwaona sasa, kikosi chote, wamesimama kwenye uzio wangu na vumbi lao, na yeye anapita mbele yao kama kwenye gwaride, anawaita, na kila mmoja yupo. Sijui kanisani wanasemaje, sijui msikitini wanasemaje, lakini mimi nilivua kofia.

Akafika kwa yule mwekundu aliyevunjika pembe. Akasimama.

Alisimama sana. Watu wakaanza kuangaliana. Mdogo wangu akakohoa. Mimi nilimkumbuka ng'ombe yule vizuri kabisa: mwekundu, pembe moja nzima, moja kipande. Ndiye. Nikasogea, nikafungua mdomo nimnong'oneze. Likanijia lile neno la dada wa Tanga, nikaufunga.

"Naomba nikae," mwanangu akasema.

Akaenda kivulini nyuma ya mapipa ya mafuta, akakaa juu ya pipa tupu, akavua kofia, akafumba macho. Mbele ya ukoo mzima na wakwe. Mdogo wangu akasema, "Tumekwisha." Babu wa bwana harusi akaniuliza, "Kuna tatizo, mzee mwenzangu?"

"Subiri," nikamwambia.

Alipoinuka alitembea mpaka kwa ng'ombe, akamzunguka nyuma. "Dereva hajaja," akasema.

"Nipo hapa mzee," akaitikia dereva wa Fuso kutoka kwenye kibanda cha chai, na uwanja mzima ukacheka. Mwanangu hakucheka wala hakukasirika. Alingoja kicheko kiishe, kama alivyofundishwa.

"Niliyemchagua alikatika pembe ya kulia. Ukisimama nyuma yake, kama uko ndani ya gari, ni upande wa dereva. Huyu amekatika ya kushoto. Wanafanana, lakini huyu si yeye."

Nilijaribu kumrudisha kichwani ng'ombe wa Kintinku. Pembe iliyokatika niliiona. Upande, sikuwa nao. Mimi ningempokea.

Mzee wa Kintinku akaingia ndani ya uzio mwenyewe, akamzunguka ng'ombe, akamwita kijana wake wa kati, wakasemezana Kigogo, haraka na kwa ukali. Akatugeukia.

"Ni mama na binti yake," akasema. "Mama alivunjikia kwenye mti, binti kwa kupigana. Vijana wamepakia kukiwa hakujapambazuka vizuri. Aliyechaguliwa ni mama." Akamtazama mwanangu. "Mkwe, ungeweza kutuita wezi."

"Sikuona mwizi," mwanangu akajibu. "Nimeona aliyekosekana."

Yule mzee akampa mkono, na mkono wa pili akaushika juu yake, heshima ambayo mtu wa umri wake hampi mtu wa umri ule. Kama ilikuwa haraka ya asubuhi au walitupima, sijui, na sitaki kujua. Ng'ombe waliobaki akawamaliza, mmoja mmoja, akatoka, na spika zikawashwa. Mdogo wangu alikuja kunong'ona, "Kaka, kumbe kichwani kitu kimo." Nikamwambia akamwambie mwenyewe.

Usije ukadhani amepona. Karamu ile yeye aliilala, ndani, mapazia yamefungwa, kitambaa cha maji usoni, na binti yake alimpelekea nyama chumbani. Kesho yake fimbo ya kupokelea mahari aliisahau kwenye kibanda cha chipsi. Wakati mwingine bado anawapita wazee. Lakini sasa wazee wenyewe ndio wanaomwita: "Sajenti, simama, hujatusalimia," naye anarudi, anainama, mambo yanaisha.

Ng'ombe wa haki alikuja peke yake kwenye gari dogo, baada ya harusi. Hapakuwa na watu, ni mimi na yeye. Hakumgusa na fimbo. Alikwenda upande wa kulia, akaweka kiganja pale pembe ilipokatikia, akakiacha hapo. Ng'ombe naye akatulia.

Nikamuuliza, "Huyo dereva alikuwa nani?"

Nilidhani hatajibu.

"Gurudumu lililokanyaga bomu lilikuwa la upande wake, yeye hakutoka," akasema. "Alikuwa mdogo kwetu wote. Mimi alikuwa ananiita babu kwa ajili ya hizi mvi. Asubuhi ile alikuwa anaimba, na nilimwambia anyamaze, tusikie, tusikie..."

Akakwama. Akanitazama, neno limempotea. Lilikuwa neno jepesi, nililiona likija, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu. Nikaegemea uzio, nikamngoja alipate.